Vema Nyekundu za Darasa la Kwanza

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Leonida Ntakije alifundisha darasa la kwanza, na katika miaka yote hiyo hakuomba hata siku moja kuhamishiwa darasa jingine. Walimu wenzake walilikimbia darasa hilo kama mtu anavyokimbia siafu. Yeye alilipenda kwa sababu moja tu, ambayo hakumwambia mtu: mtoto wa darasa la kwanza akijua kusoma, anajua, na asipojua, hajui. Hakuna pa kujificha.

Alikuwa na utaratibu wake. Mtoto akishaandika neno, alikuja mezani kwa mwalimu na daftari lake, mwalimu akaweka kidole chini ya neno, mtoto akasoma kwa sauti. Akilisoma, anapata vema. Asipolisoma hapati vema wala kosa, anaandikiwa tu "Rudi" chini ya ukurasa, na kesho anarudi. Mkondo wake wa A ulikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane, kwa hiyo mtoto mzito angeweza kumaliza wiki mbili bila kuona wino mwekundu. Lakini Desemba ikifika walikuwa wanasoma, isipokuwa wale waliougua sana au waliofuata wazazi wao kwenye kambi za uvuvi.

Aliishi Buzebazeba na mumewe Gervasi, mstaafu wa reli, ambaye siku hizi mazungumzo yake yote yalikuwa ni michikichi yake kumi na minne. Kila asubuhi Leonida alipanda bodaboda mpaka shuleni kwake Gungu, amekaa upande, kikapu mapajani, hamsemeshi dereva. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kudharau na hakuona haya kwa hilo. Aliwadharau wakaguzi wanaohesabu picha za ukutani badala ya kumwita mtoto mmoja asome. Aliwadharau walimu wanaonakili andalio la somo kutoka kwenye simu, pamoja na jina la shule ya mtu mwingine. Wazazi hakuwahi kuwadharau. Kwake walikuwa watu wanaoleta mtoto Januari na kumchukua Desemba, basi.

Hayo yalikuwa kabla ya Oswald.

Oswald alikuwa mtumishi wa ofisi moja ya serikali mjini, amehamishiwa Kigoma kutoka mkoa mwingine, na hakuificha huzuni yake. Alikuwa na gari jeupe lililooshwa kila asubuhi na kuchafuka kila saa nne. Alitaka kumpeleka mwanawe Clinton shule ya kulipia, akakuta nafasi zimejaa, akamleta Gungu kama mtu anayeegesha gari mahali pasipo kivuli. Mwishoni mwa Februari alikuja darasani, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umeshika daftari.

"Habari za kazi, madam," akasema.

Leonida alikuwa amemzidi miaka kumi na mitano. Aliisubiri shikamoo, hakuiona. "Nzuri," akajibu.

"Madam, mwanangu ana wiki ya tatu hajapata hata vema moja."

"Hajasoma bado."

"Lakini ameandika. Hii hapa, 'baba'. Au hii si 'baba'?"

"Ni 'baba'. Ameinakili ubaoni. Muulize inasema nini."

Oswald akamgeukia mwanawe na kumsogezea daftari. Clinton akalitazama neno, akatazama viatu vya baba yake, kisha akautazama uso wa mwalimu kwa makini sana, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha pale.

"Mama," akasema.

Oswald akacheka kicheko kifupi. "Anaona aibu mbele yako. Nyumbani anasoma vizuri sana."

Leonida alichukua daftari, akaandika "Rudi", akampa mtoto. Alidhani yameishia hapo.

Siku tatu baadaye, wakati wa chai, Erica alimsogelea na simu yake. Erica alikuwa mwalimu wa kujitolea wa mkondo B, binti wa miaka ishirini na mitano, mwenye tabia ya kuongea huku anatazama mlango.

"Mama, usikasirike," akasema. "Nimeona bora uone mwenyewe kuliko kusikia kwa watu."

Lilikuwa kundi la wasap la wazazi wa darasa la kwanza. Kurasa za daftari la Clinton zilikuwa zimepigwa picha, moja baada ya nyingine, zote na ile "Rudi" ya chini. Oswald alikuwa ameandika: *Wazazi wenzangu, sina nia mbaya na mtu. Nauliza tu kama huku ndiko kusahihisha.* Chini yake wazazi wengine walikuwa wameamka. Mmoja alisema mwalimu amechoka, apumzishwe. Mwingine alisema anasikia watoto wanasemeshwa Kiha darasani, mwaka huu wa leo. Halafu kulikuwa na ujumbe uliowekewa vikaragosi vingi vya kucheka: *Wangu sasa hasemi kulala, anasema kurara. Tunalipeleka taifa wapi.*

Leonida aliusoma ujumbe huo mara mbili, akarudisha simu.

"Watu wazima na meno yao," akasema, "wanacheza na picha za daftari la mtoto." Akamimina chai yake na kuinywa yote bila kuisikia.

Yale mengine hayakumgusa. Aliyadharau palepale, yakaisha. La Kiha lilikuwa kweli, na hakuona kosa lake. Nusu ya watoto wake walitoka nyumba zisizozungumza Kiswahili, na mtoto asiyejua meza ni nini hawezi kusoma neno "meza", hata ukimchapa. Kwa hiyo Januari na Februari aliwaambia kwanza kwa Kiha, halafu kwa Kiswahili, na ilipofika Aprili hawakuhitaji tena. Lakini lile la *kurara* liliingia mahali penye kidonda. Leonida alizaliwa milimani juu ya Mwandiga, na Kiswahili alikikuta shuleni. Alipokuwa chuo cha ualimu Kasulu, mkufunzi mmoja kutoka Tanga alimsimamisha mbele ya kioo kila jioni aseme lala, lulu, limau, mpaka taya zikamuuma. Alishinda. Ila siku akikasirika sana, ulimi ulirudi milimani. Alijua hivyo, na alikuwa amejipanga maisha yake yote asikasirike mbele ya watu.

"Na wewe, Erica," akauliza, "madaftari yako yamejaa vema. Unawasikiliza saa ngapi?"

"Siwasikilizi, mama."

"Kwa nini?"

"Nikisikiliza sitamaliza kusahihisha. Nisiposahihisha watasema sijui kazi. Wewe wakikusema una barua ya ajira. Mimi Mkuu akiniambia kesho usije, nani atamuuliza?" Akatazama mlango. "Wakati mwingine nikiona gari la mzazi limesimama nje, nashika peni nyekundu kabla hajashuka."

Leonida alitaka kumdharau, ilikuwa tabia yake, lakini hakupata pa kushika.

Kikao cha wazazi kiliitishwa Jumamosi ya katikati ya Machi. Walikaa kwenye chumba cha darasa la tano, watu wazima wamejibana kwenye madawati, magoti juu. Mbele alikaa mwalimu mkuu, Thobias, ndani ya koti zito lililomtoa jasho. Thobias hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukubaliana na aliyesema mwisho, na kwa kuwa wazazi ndio waliosema mwisho kila mara, alikuwa amewakubali wao kwa miaka minane mfululizo.

Oswald alisimama na simu mkononi, akasoma hoja zake moja moja, kwa sauti ya upole ya mtu aliyezoea kusoma taarifa.

"Hatumlaumu mtu," akamaliza. "Tunaomba tu, kama wazazi, tujiridhishe kwamba mwalimu wetu bado ana uwezo."

Vichwa vikaitikia. Leonida alivitazama kimoja kimoja. Kulikuwa na kichwa cha Skolastika, mke wa fundi cherehani, ambaye miaka ishirini iliyopita alikuja kwake hajui kushika penseli. Alimfundisha herufi "h" kwa miezi miwili mizima. Nacho kilikuwa kinaitikia. Nimekufundisha kusoma, Leonida akawaza, ili uje unisome mimi kwenye simu.

"Mwalimu Leonida atatujibu," Thobias akasema, akijifuta shingo.

Alisimama. Alikuwa amejiandaa tangu Alhamisi, na alianza vizuri. Alieleza kwa nini humsikiliza mtoto kabla ya kumpa vema, na kwa nini vema ya kunakili ni uongo. Watu wachache walianza kumsikiliza kweli. Hapo Oswald akainua mkono, na hakusubiri kuruhusiwa.

"Samahani, madam. Mbinu hii mlisomea chuoni mwaka gani?"

Watu wakacheka kidogo. Hakikuwa kicheko kibaya sana, lakini Leonida alihisi damu inampanda mpaka masikioni. "Mtoto," akasema, "harari usiku mmoja akaamka anajua kusoma."

Alilisikia neno likitoka, na halikurudishika. Kule nyuma mtu akalirudia taratibu, "harari", kama anaonja kitu, na kicheko kikatembea dawati kwa dawati mpaka mbele. Thobias mwenyewe alicheka, mkono mdomoni, halafu akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Leonida alisimama pale na sentensi zake zote zilizobaki, hakuikumbuka hata moja. Akakaa.

Mtu mmoja tu alisimama baada ya hapo. Alikuwa Bibi Marcelina, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, aliyekuja kikaoni moja kwa moja kutoka mwaloni, mitumbwi inakoteremsha samaki, na harufu yake yote, kiasi cha watu kumwachia dawati zima peke yake.

"Mjukuu wangu Yasmini ananisomea maandishi ya kwenye mfuko wa sukari," akasema. "Mimi sikusoma. Sijui ulimi wa mwalimu unasemaje, najua mtoto anasoma."

"Ahsante, mama, tumekupata," Thobias akasema, akageukia upande wa pili. Wakaazimia kwamba madaftari yote yasahihishwe kila siku, wino mwekundu uonekane, na Kiha kisisikike tena darasani.

Jioni ile Gervasi alimkuta mkewe jikoni anapepeta dagaa kwenye ungo kwa nguvu kupita kiasi. Akasimuliwa yote, isipokuwa lile neno. Gervasi akavuta kigoda.

"Wape wanachotaka," akasema.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Mimi kule stesheni nilipiga mhuri kwenye tiketi hata siku ambazo behewa halina kiti kilichobaki. Hakuna aliyeniuliza habari za viti. Walitaka mhuri."

Leonida akamtazama juu mpaka chini, akaendelea na dagaa wake. Lakini Jumatatu, kabla ya kufika shuleni, alimwambia dereva asimame dukani, akanunua boksi zima la peni nyekundu.

Akaanza kuwapa vema. Watoto walinakili ubaoni, madaftari yakapangwa mezani minara mitatu, naye akayafungua na kuyapiga vema mkono ukienda wenyewe, macho dirishani. Hakusoma walichoandika. Mtoto aliyegeuza herufi, vema. Aliyeruka mstari, vema. Siku moja alipiga vema tano juu ya ukurasa ambao mtoto, badala ya sentensi, alichora trekta, akasubiri aone. Mzazi wa mtoto huyo alileta salamu za shukrani. Hapo dharau yake ilikomaa, ikawa kitu chenye uzito aliotembea nacho kutwa. Hawaangalii, aliwaza. Hawajawahi kuangalia. Wanahesabu wekundu kama mtu anavyohesabu nyanya sokoni, na hata nyanya huwa wanazigeuza upande wa pili.

Katika kundi la wasap alisifiwa. Erica alimsomea: *Hongera mwalimu wetu. Mabadiliko tunayaona.* Oswald naye alikuja mwenyewe, akamkuta nje ya darasa.

"Unaona sasa, madam? Ilikuwa ni kuelekezana tu."

"Ndiyo, baba Clinton."

"Usijisikie vibaya kwa yale ya kikao."

"Sijisikii."

Alimpa mkono. Oswald akaushika kwa furaha ya mtu aliyetengeneza kitu kwa mikono yake, naye Leonida akawa anatazama kola ya shati lake iliyopigwa pasi ikasimama, akifikiri kwamba ndani ya kola ile hakuna mtu.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomharibia starehe hiyo. Yasmini, yule mjukuu wa Bibi Marcelina, hakukoma kuja mezani. Kila siku alisimama pale na daftari wazi, kidole tayari chini ya neno.

"Nimeshakupa vema," Leonida alimwambia siku moja.

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini sijakusomea."

"Nenda ukakae."

Mtoto akaenda akakaa. Leonida akachukua daftari lililofuata na kulifungua, lakini mkono haukwenda. Alitafuta mtu wa kumdharau kwa jambo hilo. Oswald hakuwepo pale, Thobias hakuwepo, Skolastika hakuwepo. Alikuwepo mtu mmoja tu, mwenye peni nyekundu mkononi.

Mwezi Juni, kabla ya likizo, shule iliandaa siku ya wazazi. Oswald, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa kamati, alipendekeza mtoto mmoja wa darasa la kwanza asome mbele ya wageni. Madaftari yakakusanywa, vema zikahesabiwa, na Clinton akaongoza. Leonida akamfuata Thobias ofisini.

"Mkuu, Clinton hajui kusoma."

"Daftari lake linasema anajua."

"Daftari lake nimelijaza mimi."

Thobias akatazama mlango, akatazama dirisha, akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mwalimu Leonida," akasema, "mimi hilo sijalisikia."

Siku yenyewe Clinton alivalishwa tai. Thobias akamfungulia kitabu cha kusoma, akampa, akakaa pembeni akitabasamu. Wazazi wakanyanyua simu zao kurekodi. Mtoto akakishika kitabu juu kama mtu anayeshika sinia na kuanza, kwa sauti safi, bila kukwama:

"Huyu ni samaki. Samaki anaishi ziwani. Baba amevua samaki. Mama anapika samaki."

Leonida alikuwa amesimama nyuma yake na aliuona ukurasa. Ulikuwa na picha ya mbuzi amefungwa kamba, na kwenye maneno yote ya ukurasa ule hapakuwa na samaki hata mmoja. Mtoto alikuwa amekariri ukurasa mwingine, na Thobias amemfungulia usio wake. Akawatazama wazazi. Wote wanatabasamu kupitia simu zao. Mkewe Oswald alikuwa analia kwa furaha.

"Mbona hapo pana mbuzi?" ikasema sauti kutoka kwenye mkeka wa pembeni. Ilikuwa ya Bibi Marcelina, aliyekaa mahali ambapo kitabu kilionekana upande wake wa ndani. "Mtoto anasema samaki, picha ni ya mbuzi."

"Shii, bibi," mtu akamnyamazisha. "Wewe umesoma wapi?"

Lakini Clinton alikuwa amesikia. Akanyamaza. Akaitazama picha kwa mara ya kwanza, halafu akainua macho kumtafuta baba yake katikati ya simu zile, na baba yake alikuwa nyuma ya simu. Mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka.

Hiki ndicho Leonida alichokisubiri tangu Machi, wala hakujidanganya. Alikuwa amekiwaza kwenye bodaboda, amekiwaza kitandani: siku watakapoonyeshwa wote, mbele ya wote, kwamba wamekuwa wakipiga makofi kwa wino. Alichohitaji kufanya ni kusimama tu pale alipo. Pumzi tatu zaidi, na mtoto angelia, na kila mtu angeuliza kwa nini.

Alipiga hatua mbili, akamzunguka mtoto, akafungua kitabu kwenye ukurasa wa samaki. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Endelea," akamwambia chini chini.

Clinton akamtazama usoni, akauona uso haujakasirika, akaendelea. Samaki akapikwa, samaki akaliwa. Makofi yakapigwa, na Leonida akayachukia moja moja. Halafu Thobias akamwita mbele na kumkabidhi cheti cha mwalimu aliyepiga hatua kubwa kuliko wote mwaka huo. Alikipokea kwa mikono miwili, akakibeba mpaka Buzebazeba, akakiweka juu ya kabati, maandishi yakitazama chini.

"Umepewa tuzo, husemi?" Gervasi akauliza.

"Nimepewa mhuri," akasema.

Likizo yote alimsaidia mumewe kukusanya ngazi, yale matunda ya michikichi, na kukamua mawese, akawa na muda wa kufikiri. Hakufikiria kwenda kwa afisa elimu kata kueleza, maana alijua yeye mwenyewe angesema nini na kwa ulimi gani. Hakufikiria kusimama tena kwenye kikao. Hilo lilikuwa limekwisha, na lilikwisha kwa ubaya: mpaka leo, kwenye vikao Mwalimu Leonida hukaa kimya, na akiulizwa hujibu kwa maneno mafupi yasiyo na "l" nyingi.

Julai shule ilipofunguliwa, aliingia darasani na lile boksi la peni nyekundu, akalizungusha dawati kwa dawati. Peni zilitosha moja kwa kila dawati.

"Kuanzia leo," akawaambia watoto, "mtasahihishiana wenyewe. Ukiona mwenzako ameandika, mpe vema."

"Mwalimu, kama amekosea?" Yasmini akauliza.

"Mpe vema. Ni ya nyumbani hiyo. Ya hapa mezani ni nyingine." Akavuta kiti chake. "Clinton, njoo."

Alimkalisha mbele yake, mgongo ukimwelekea mwalimu, ili asimwone uso. Alikuwa ameshaujua ugonjwa wake tangu Februari: mtoto yule hakusoma herufi, alisoma nyuso za watu, na alizisoma vizuri kuliko watu wengi wazima. Sasa hakuwa na uso wa kusoma. Alikuwa na "b" na "a". Siku ya kwanza alilia. Leonida akamwacha alie, kidole chake hakikuondoka kwenye herufi, na alipomaliza kulia herufi zilikuwa bado zipo. Siku ya nne akasema "ba", kwa hasira, kama mtu anayerudisha kitu alichoibiwa.

Nyuma yao darasa zima lilikuwa linapigiana vema. Zilikuwa vema za ajabu. Nyingine kubwa kama jembe, nyingine zimepinda, nyingine zimegeuzwa miguu juu, na watoto wawili walikuwa wanazichora kama ndege. Leonida hakuzirekebisha. Aliwaita mmoja mmoja mezani, wa milimani akawaambia kwanza kwa Kiha, kwa sauti ya chini, na madaftari yakaenda nyumbani yamewiva wekundu. Akasubiri mzazi mmoja tu aseme kwamba vema zile zimepigwa na mtoto wa miaka sita. Julai ikapita, Agosti ikapita. Afisa elimu kata akaja, akafunua madaftari kumi, akaandika kwenye fomu yake kwamba usahihishaji ni wa kuridhisha.

Aliyegundua alikuwa Erica peke yake. Alishika daftari moja, akalitazama kwa muda, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, na mimi naweza?"

"Una peni?"

"Nitanunua."

"Basi wasikilize. Usifanye hivyo halafu ukae unachezea simu."

Mwishoni mwa Oktoba, mvua zikiwa zimeshaanza, gari jeupe lilisimama nje ya darasa, limejaa matope mpaka vioo. Erica, aliyekuwa mlangoni kwake, akarudi ndani haraka. Leonida akatoka.

"Shikamoo, madam," Oswald akasema. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba."

"Jana tulikuwa na safari ya Mwandiga. Clinton amesoma vibao vya barabarani vyote, kwenda na kurudi. Mama yake hakuamini. Anasoma kweli, madam. Anasoma hata asichokijua."

"Ndiyo. Anasoma."

"Nilijua tu. Ule usahihishaji wa kila siku umemsaidia mno. Madaftari yote nimeyatunza, nikihamishwa nataka niwaonyeshe huko niendako." Akapangusa tope kwenye kiatu kwa kutumia ukingo wa ngazi. "Kile kikao nilikuwa mkali kidogo, lakini si unaona."

Leonida alimtazama. Angeweza kunyamaza kama alivyonyamaza miezi yote, na pengine ndiyo ingekuwa busara. Lakini siku ile hakuwa amekasirika hata kidogo, na ulimi wake ulikuwa mahali pake.

"Clinton alianza kusoma siku nilipoacha kusahihisha daftari lake," akasema, kila "l" imekaa sawasawa. "Vema zote tangu Julai wamepigiana watoto. Nenda kaziangalie."

Oswald akamkazia macho, halafu uso wake ukafunguka, akacheka kwa moyo mweupe kabisa, akamgusa bega.

"Madam, nyie watu wa huku mna utani," akasema, akaingia kwenye gari lake.

Leonida alisimama mpaka gari likapinda kona. Ndani watoto walikuwa wameanza kugombania peni. Walibaki kumi na tisa ambao hawajaweza, na zilibaki wiki sita shule ifungwe. Akarudi ndani, akavuta kiti, akamwita wa kwanza kati yao.